Siku moja Kipipiri, na bwana aliyeifuata njia ya ndovu

Saa tisa na nusu usiku naamka na kukagua mkoba: kamba, tochi mbili za kichwani, betri za akiba, bandeji, blanketi la foili, filimbi, glukosi, na jozi mbili za soksi kavu ambazo si zangu. Lazima kutakuwa na mtu wa kuzihitaji. Kazi yangu ni kuwapeleka watu wa Nairobi milimani na kuwarudisha siku hiyohiyo. Hapa kwetu Kangemi mama wa duka aliwahi kuniuliza, "Kwani wewe unalipwa kutembea tu?" Hakuuliza kwa ubaya, na wengi hudhani hivyo. Basi hii ndiyo Jumamosi yangu moja, kwenye mlima Kipipiri.

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa nje ya jengo la Archives katikati ya Nairobi, abiria kumi na wawili. Nilitazama viatu kabla ya nyuso. Nilikuwa nimewaandikia wote waje na gambuti au viatu vya mlimani vyenye meno, na koti la mvua. Bwana mmoja alikuja na viatu vya kukimbilia barabarani. "Dada, mimi nakimbia kilomita ishirini na moja," akaniambia. Nilikuwa na gambuti za akiba za saizi yake nyuma ya gari. Akakataa.

Barabara ni ileile: Limuru, Kimende, tukakata kulia pale Flyover kuelekea Njabini. Njabini nilimwonyesha dereva mgeni upande liliko bwawa la Sasumua. Hupenda watu walijue, kwa sababu maji yake hunywewa Nairobi, na misitu ya milima hii ya Nyandarua ndiyo inayoyakamua kutoka kwenye mawingu. Kwenye mji mdogo wa Engineer tulikunywa chai. Saa mbili na nusu tulikuwa Geta, tukalipa kituo cha misitu, tukaandikisha majina, tukapewa askari mwenye bunduki. Mzee wetu wa kijijini alikuwa ameshanoa panga.

Kipipiri una mita 3,349. Si mrefu kwa milima ya Nyandarua, lakini wikendi watu wa Nairobi humiminika Elephant Hill, ambako njia imekanyagwa hadi ikawa mtaro. Huku wanaokuja ni wachache, na msitu hauachi nafasi wazi. Mvua za masika zilikuwa zimeisha majuzi tu. Thabai, yale majani yanayowasha, zilifika kifuani, na miiba ilishika mikono ya makoti. Mzee alitangulia akikata, askari alikaa katikati, mimi nikawa mkia. Mkia ndio mahali pa mwenye jukumu: kutoka huko namwona anayechechemea, aliyeacha kuongea, na anayesema yuko sawa mara nyingi mno.

Saa nne na nusu tuliingia mianzini.

Asiyewahi kupita mianzi ya Nyandarua iliyolala ni vigumu kumweleza. Mikavu huanguka ikapandana, mibichi hulazwa na mvua juu yake, na njia hupita chini ya hayo yote. Unatambaa. Mkoba unanasa, unarudi nyuma nusu hatua, unajaribu tena. Matope yananyonya kiatu. Mita mia moja zinaweza kula nusu saa. Mzee akainama kukata shina lililoziba njia, na wakati huohuo yule bwana mwenye viatu vya lami akampita pembeni. Aliona uwazi mbele yake akashika mwendo. Nilipowahesabu mahali palipopanuka kidogo, walikuwa kumi na mmoja.

Ule uwazi ulikuwa njia ya ndovu. Hili natamani kila mpanda milima alijue. Katika msitu wa mianzi, njia ya ndovu ni pana na safi kuliko ya binadamu, maana ndovu hupita palepale kwa miaka na huvunja kinachomzuia. Mtu aliyechoka kutambaa akiiona, miguu yake humwambia hiyo ndiyo njia. Lakini ndovu haendi kileleni. Anaenda majini na kwenye malisho, na hukupeleka huko.

Niliwaketisha kumi na mmoja pamoja na Mzee, nikawaambia wavae makoti kabla hawajahisi baridi. Mimi na askari tukaingia ile njia. Nilipuliza filimbi mara tatu, nikanyamaza, nikasikiliza. Mara tatu tena. Kwenye tope la kahawia kulikuwa na alama za soli yake, mistari myembamba ya viatu vya lami, na kila alama ilikuwa ndefu mbele: alikuwa akiteleza. Tukakuta kinyesi cha ndovu. Askari alikipasua kwa kijiti akakiangalia ndani: kimepoa, wadudu wameshaingia. "Cha jana," akasema kwa sauti ya chini, lakini hakuirudisha bunduki begani.

Tulimpata baada ya saa nzima na zaidi, amesimama juu ya kijito, amelowa hadi magotini, ameinua simu akitafuta mtandao. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mlikuwa mmepotelea wapi?"

Sikumjibu. Nilimpa soksi kavu.

Tulipotoka mianzini na kuingia kwenye vichaka vya nyanda za juu ilikuwa saa nane mchana, na saa nane ndiyo saa yangu ya kugeuka. Huwaambia watu garini, huwaambia tena langoni. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, lakini ndani ya mianzi giza huingia mapema zaidi, na ukungu ulikuwa umeanza kupanda kutoka upande wa Wanjohi. Kilele kilionekana. Nikasema tunarudi.

Bwana alipinga kwa sauti. Amelipia kilele, akasema, si kichaka. Nikamwambia amelipia kurudi nyumbani. Hilo halikuniumiza. Kilichoniumiza ni mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mama wa makamo, ambaye alikuwa akinilipa kidogokidogo tangu Machi ili afike pale. Hakusema kitu. Alikitazama kile kilele, akafunga vizuri mikanda ya mkoba wake, akageuka. Nilikuwa na hasira ambayo sikuweza kuionyesha mbele ya watu ninaowaongoza, na kuibeba hasira hiyo hadi chini ni sehemu ya kazi.

Kutoka hapo sikumbuki saa. Mvua ilishuka. Goti la mwalimu likaanza kuuma, nikamfunga bandeji, tukafunga kamba kwenye mti pale penye mteremko na kuwashusha mmojammoja. Tochi ziliwashwa mianzini. Niliimba, wao wakaitikia, ili nisikie kama kuna sauti iliyopungua. Langoni nilihesabu mara mbili: kumi na wawili.

Flyover walinunua viazi na kabichi, Archives tulishuka karibu saa tano usiku. Nikamtumia Mzee pesa zake kwa M-Pesa, akanipigia kuniambia ameshafika kwake. Ujumbe mwingine ulikuwa wa yule bwana, anataka arudishiwe nusu ya malipo. Nimemwandikia kwamba hapana, na nimemwambia kwa nini.

Wiki ijayo mimi, Mzee na vijana wawili wa Geta tutarudi, kwa ruhusa ya kituo, kukata mianzi iliyolala na kuziba mdomo wa ile njia ya ndovu kwa matawi. Agosti tunapanda tena. Jina la mwalimu nimeshaliandika, nauli yake ni juu yangu. Na asiye na gambuti ataachwa Archives.