Namna timu ya chuo chetu kidogo cha uuguzi ilivyotwaa ubingwa wa vyuo Tanga

Mimi ni mkufunzi na mlezi wa michezo katika chuo kimoja cha uuguzi jijini Tanga, chuo kidogo ambacho wengi wa wanafunzi wake ni wasichana, kiasi kwamba wavulana wanaoweza kucheza soka la ushindani hawatoshi kugawanywa vikosi viwili vya mazoezi. Kila mwaka tulishiriki ligi ya vyuo na kila mwaka tulimaliza mkiani. Mji huu hauna huruma katika jambo hilo, kwani wazee wa vijiwe vya kahawa vya Ngamiani, ambao hadi leo wanakusimulia ubingwa wa ligi ambao Coastal Union, klabu ya soka ya hapa Tanga, iliutwaa mwaka 1988 kana kwamba ni habari ya wiki iliyopita, hawaelewi kwa nini timu yoyote ya Tanga izoee kufungwa. Mapema mwaka 2025 tulitwaa kombe, na kwa kuwa walezi wenzangu wameniuliza mara nyingi tulifanyaje, naeleza hapa kwa kirefu kidogo.

Wengi walidhani tumeingiza mamluki. Dhana hiyo haishangazi, maana katika mashindano ya vyuo si ajabu kumkuta mshambuliaji mwenye ndevu za kutosha ambaye hamjui hata mkufunzi wake wa darasa. Sisi hatukuwa na fedha ya kumlipa mtu wa nje, na hata tungekuwa nayo nisingekubali, kwa sababu mamluki akija humkalisha benchi kijana aliyefanya mazoezi kwa miezi, na kijana huyo harudi tena uwanjani.

Vipaji havikuwa shida yetu. Vijana kadhaa walikuwa wamecheza UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, na wengine walikuwa na majina yao katika viwanja vya mchangani. Kilichotumaliza ni zamu. Mwanafunzi wa uuguzi hupangiwa wodi, leo asubuhi, kesho jioni, wiki inayofuata usiku, hivyo timu iliyofanya mazoezi Jumatatu haikuwa timu iliyoingia uwanjani Jumatano. Mwaka huo hali ilikuwa ngumu zaidi kwa sababu Ramadhani ilitarajiwa kuingia mwanzoni mwa Machi, na waandaaji, kwa busara, walitaka ligi iishe kabla ya mfungo, wakabana ratiba hadi timu nyingine zikawa zinacheza mara mbili kwa wiki.

Ratiba ya mechi ilipotoka, nilichukua karatasi kubwa ya manila, nikachora tarehe zote za ligi, kisha nikapita wodi moja baada ya nyingine nikinakili zamu za wachezaji wetu. Karatasi ile niliibandika ukutani katika stoo ya vifaa, zamu za usiku zikiwa kwa wino mwekundu, na papo hapo nikaona mechi zipi zingetukuta bila mabeki na zipi bila mshambuliaji hata mmoja. Tulikuwa na wiki tatu za kurekebisha, na hapo ndipo kazi kubwa ya msimu ilipofanyika, kwa maneno matupu na heshima. Msimamizi mmoja wa wodi, mama wa makamo mwenye msimamo, aliniambia, “Mwalimu, wagonjwa wangu siwezi kuwaachia mpira.” Nikamjibu, “Sista, siombi ruhusa ya mtu kukosa zamu, naomba wabadilishane tu, na kila anayetoka nimkuletee kwanza anayeingia.” Alikubali kwa sharti kwamba mabadilishano yaandikwe kwenye daftari lake mapema na pande zote mbili zitie saini. Sharti hilo nililipeleka katika wodi nyingine zote, na wasichana wa darasani, ambao ndio waliobeba nyingi ya zamu hizo, walistahili medali kama wachezaji wenyewe.

Jambo la pili lilikuwa namna ya kucheza. Kwa kuwa sikuweza kuwa na kikosi kilekile kila mechi, nililinda watu wanne wasibadilike kwa vyovyote: kipa, mabeki wawili wa kati na kiungo mkabaji. Hao mabadilishano yao yalipangwa kwanza. Wengine walizunguka kadiri zamu zilivyoruhusu, nao walipewa kazi nyepesi za kukumbuka: tukipoteza mpira wote nyuma ya mpira, tukiupata upelekwe pembeni haraka, tutafute kona. Kona tuliifanyia mazoezi kuliko kitu chochote, maana haihitaji watu kumi na mmoja. Wakipatikana watano tu jioni hiyo, inatosha. Mmoja alikimbilia nguzo ya karibu na kuuparaza mpira kwa kichwa, wa pili akausubiri nguzo ya mbali, wa tatu akasimama mbele ya kipa bila kumgusa. Mtu aliyezoea pasi fupi fupi angetuona washamba, lakini sehemu kubwa ya mabao yetu ilitoka hapo.

Ndondo nayo ilinisumbua. Vijana wawili walikuwa wakilipwa kidogo kila Jumapili kuchezea timu za mitaani, na fedha ile iliwasaidia chakula, kwa hiyo kuwakataza tu kungekuwa uonevu. Tulikubaliana wasicheze ndondo siku mbili kabla ya mechi yetu, nami nikazungumza na mama ntilie wa jirani awakopeshe chakula hadi mwisho wa mwezi.

Januari na Februari ni miezi ya kaskazi, na joto la Tanga lina unyevu unaomaliza mtu kabla ya mapumziko. Siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana, tulifanya mazoezi ya pumzi ufukweni Sahare kuanzia saa mbili asubuhi, maji yakiwa yanatoka na kuacha mchanga mpana. Maji ya kunywa tuliyachanganya wenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Madafu tuliyapenda pia, ingawa chumvi yake ni kidogo kwa mtu aliyetoka jasho jingi. Aliyeteguka kifundo cha mguu hatukumruhusu kukandwa kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo, kwa kuwa joto huongeza uvimbe. Tulinunua barafu soko la samaki la Deep Sea, tukaifunga kwenye kitambaa na kumwekea kwa dakika kama ishirini, kisha bandeji na mguu juu ya mto. Kuwa na timu nzima ya wauguzi kuna faida zake.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu. Kipa wetu alikuwa amepangiwa zamu ya usiku wa kuamkia siku hiyo, lakini mabadilishano yake yalishasainiwa siku nyingi, akalala usingizi wake wote. Kipindi cha kwanza walitubana hadi tukashindwa kuvuka nusu ya uwanja, na mara mbili kipa aliutoa mpira kwa ncha za vidole. Katikati ya kipindi cha pili tukapata kona. Mpira ukaparazwa nguzo ya karibu kama kawaida, na beki wa kati akausukuma kwa goti, si kwa kichwa kama tulivyofundishana, ukaingia. Tukashinda 1–0.

Kombe liko ofisini kwa mkuu wa chuo. Karatasi ya zamu imehamia kwa timu ya netiboli, ambayo kocha wake aliiomba kabla hata ya Idi. Kati ya wale wanne wasiobadilika, watatu wamehitimu. Kipa mpya tumempata mwaka wa kwanza, mrefu na mwepesi, naye amepangiwa idara ya dharura, ambako bado sijafahamiana na msimamizi.