Malaika wa Reims

Ndio kwanza nimerudi Paris. Miguu imevimba, viatu nimevivulia mlangoni.

Dada aliniamsha alfajiri: "Mdogo wangu, amka, leo twenda Reims." Tukapanda TGV, treni ya mwendo kasi, pale stesheni ya Gare de l'Est. Mimi wa mabasi ya Tanga nikajipanga kulala safari nzima. Wapi! Dakika 45 hivi, kahawa haijapoa, tumefika.

Kanisa kuu la Notre-Dame si mbali na stesheni, tulitembea tu. Humo ndimo walimotawazwa wafalme wa Ufaransa. Charles VII alivishwa taji hapo mwaka 1429, Jeanne d'Arc, yule msichana shujaa wa vita wa Ufaransa, akishuhudia.

Lakini kilichonishika kiko nje, mlango wa kushoto.

Malaika wa jiwe. Anatabasamu.

Wala si tabasamu la kitakatifu, jamani. Ni lile la mtoto aliyelamba sukari kabatini akadhani hujamwona.

Septemba 1914 mizinga ya Wajerumani ililiunguza kanisa, kichwa cha malaika kikaanguka, kikavunjika. Vipande vikaokotwa, vikaungwa, na mwaka 1926 kikarudishwa mahali pake.

Nilisimama nimeinua shingo mpaka manyunyu yakaanza. Dada ananivuta mkono, "utalowa wewe." Namwambia, bado kidogo.

Picha zangu zote zimetoka na ukungu, matone yalikuwa kwenye kioo cha simu. Moja tu ndiyo safi, nayo imekata mabawa. Uso upo.

Nimeiweka hapo chini. Hebu mwangalieni, mniambie: huyu anacheka nini?