Siku moja maishani mwangu: mkesha wa Pasaka ya Kiyahudi, fundi cherehani

Saa kumi na mbili asubuhi. Chai na chapati ya mwisho. Kuanzia usiku wa leo, siku nane, kwetu hakuna mkate wala mandazi. Jana usiku mimi na watoto tulipita na mshumaa na unyoya wa kuku, tukisaka makombo hadi chini ya kabati. Tumeyafunga kwenye karatasi, yanangoja moto.

Saa mbili. Kibandani, Nairobi. Wiki hii cherehani haipoi, maana Wakristo nao wana Pasaka na kila mama anataka gauni la bintiye.

"Fundi, unafunga kibanda mchana? Pasaka si Jumapili?"

"Yenu Jumapili, mama. Yetu usiku wa leo."

Saa tano kasorobo. Nachoma yale makombo yenye chachu kwenye kopo la rangi nyuma ya kibanda. Unyoya unanuka kuushinda mkate. Sheria inasema: kula mwisho saa ya nne, kuchoma mwisho saa ya tano, na saa zenyewe zinahesabiwa tangu jua kuchomoza, vilevile tunavyohesabu kwa Kiswahili. Watoto wangu huielewa mara moja.

Saa sita na nusu. Sindano inasimama. Mishna, kitabu chetu cha kale cha sheria, inawataja mafundi nguo waziwazi: mkesha wa Pasaka wanaruhusiwa kushona hadi adhuhuri. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilihisi nimeitwa kwa jina langu. Pindo la mwisho nalimaliza, nafunika cherehani.

Saa tisa. Natwanga karanga, naponda ndizi, natia asali. Hiyo ndiyo haroseti, ukumbusho wa udongo wa matofali ya utumwa wa Misri.

Saa mbili usiku. Kitindamimba anauliza kwa nini usiku huu ni tofauti. Namsimulia utumwa wa Misri, kisha Mbale, Uganda, nilikozaliwa. Sisi ni Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, watu wa Semei Kakungulu aliyeianzisha jumuiya yetu, tangu 1919. Idi Amin alipiga marufuku dini yetu, wengi wakaiacha. Bibi alifunga mlango, akasali kwa kunong'ona. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili 1979, na jioni hiyohiyo Pasaka ikaingia. Wanajeshi wa Tanzania walikuja na Kiswahili chao. Kwa hiyo nikifika kwenye "tulikuwa watumwa," naacha Kiebrania, nasema Kiswahili.

Saa nne usiku. Kama ilivyo desturi ya usiku huu, kifunguamimba anamfungulia nabii Eliya mlango, wazi kabisa. Jirani anapita, anauliza kama tunangoja mgeni.

"Ndiyo. Karibu, nawe uketi."