Kikumi Changu cha Kwanza

Mwaka 2013, nilipokuwa nikifundisha katika shule moja ya sekondari mjini Tororo, mashariki mwa Uganda, niliamua kununua gari langu la kwanza kwa shilingi milioni 7, nusu yake ikiwa akiba yangu na nusu mkopo wa chama cha walimu. Kwa fedha hizo sikuthubutu hata kuyasogelea magari yaliyotoka Japani kupitia Mombasa na Malaba, yanayopangwa kwenye mabondi ya Kampala, yaani yadi za magari ambayo bado hayajalipiwa ushuru. Kilichonifaa kilikuwa kikumi, jina ambalo watu wa Uganda wameipa Toyota Corolla ya AE100, kwa kuwa kwa Kiganda kikumi ni mia moja.

Dalali aliponitajia moja, nilimwomba jirani yangu anisindikize. Alikuwa fundi mstaafu wa jeshi, mtaa mzima ukimwita Afande, na Kiswahili chake cha kambini kiliniudhi mimi, mwalimu wa Kiswahili, kama magari mabovu yalivyomuudhi yeye.

Tulifika kwa mwuzaji saa mbili asubuhi kama tulivyoahidiana. Gari lilikuwa jekundu, limeoshwa mpaka tairi, viti vimevishwa vitambaa vipya. Mimi niliuendea usukani. Afande aliiendea boneti, akaiwekea kiganja, akakiondoa upesi.

"Hii gari imetoka wapi asubuhi hii?"

Mwuzaji akajibu kwamba halijatoka popote tangu jana jioni.

Afande hakubishana naye. Alifungua boneti, akaomba tambara, akawa anafuta grisi ubavuni mwa injini polepole, kama mtu anayemnawisha mtoto uso, mpaka maandishi yakajitokeza. Logibuku, yaani kitabu cha usajili wa gari, ilitaja injini ya 5A, yenye ujazo wa cc 1,500, ambayo ndiyo ya AE100. Chumani palisomeka 4E, injini ndogo ya cc 1,300. Ya asili ilikwisha kutolewa, na mwuzaji, ambaye dakika chache kabla alikuwa akijua historia yote ya gari hilo, ghafla hakujua lolote.

"Mwalimu, hii gari wacha," Afande aliniambia pembeni.

Ningemsikiliza, lakini nilikuwa nimekwisha kumwona mama yangu ameketi katika kile kiti cha mbele, tukienda kanisani. Mwuzaji alipopunguza shilingi 800,000 nilijiona mjanja, ingawa bado nilikuwa na kazi ya kubadilisha jina na namba ya injini katika kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Tulitia saini makubaliano mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, nikaondoka na ufunguo.

Siku hiyo liliwaka kila nilipotaka. Usiku mvua ikanyesha, na asubuhi, kwenye baridi, injini iligoma. Ilikoroma, ikanyamaza, betri nayo ikachoka. Wanafunzi wangu wanne waliokuwa wakipita walilisukuma mpaka barabarani, likashtuka na kuwaka, likawafunika kwa moshi wa bluu, wao wakashangilia. Halikufika mbali. Lilizimika mbele ya nyumba ya Afande, naye akatoka na kikombe chake cha chai, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Sasa imepoa," alisema. "Tunaweza kuanza kuikagua."