Roll-on nimeacha, sasa ni shabu na mafuta ya nazi

Mwaka juzi kazi ilisuasua hapa Tanga nikapiga hesabu ya vitu vya bafuni, roll-on, losheni, mafuta ya nywele, nikaona hela ya unga inaishia kwapani jamani.

Nikaanza kwa pupa. Nilisikia beking soda inakata harufu, nikawa naikoroga na maji naipaka kila asubuhi, siku ya nne kwapa zinawaka kama nimepaka pilipili, nikashinda ndani na khanga mikono nimeitanua kama kuku anayeota jua. Baadaye ndo nikaja kuelewa ngozi ina asidi kidogo, na soda ni kinyume chake, ukiipaka kila siku ni rahisi kuchubuka.

Bibi akanicheka. "Mjukuu wangu, kwani shabu imeisha madukani?" Shabu naijua, lile jiwe linalong'aa kama barafu, vinyozi wa zamani walikuwa wanawapitishia watu kidevuni wakishamaliza kunyoa, ila kwapani sikuwahi kufikiria. Nikanunua jiwe la elfu moja. Ukishaoga unalilowesha, unapitisha mara mbili tatu, unaacha pakauke. Jasho linatoka kama kawaida ila harufu hakuna, na usipake ukiwa umetoka kunyoa muda huohuo, utaruka! Langu la kwanza nililisahau kwenye kisahani chenye maji likayeyuka nusu, la pili nalifuta na kuliweka pakavu, huu ni mwezi wa nane tangu nilinunue na bado lipo.

Mafuta ya nazi ya kupaka badala ya losheni ndo yalinitoa jasho. Nazi 8, unakuna, unakamua tui zito, unaliacha usiku kucha, asubuhi unaengua ile krimu ya juu unaibandika moto mdogo huku unakoroga mpaka maji yaishe na mashata, yale masimbi yanayobaki chini, yawe kahawia. Mara ya kwanza niliepua mapema, maji yalikuwa bado yamo, baada ya wiki mbili chupa ikanuka uvundo nikamwaga yote, roho iliniuma. Sasa hivi nasubiri ile sauti ya kuchemka inyamaze ndo naepua, napata kama nusu lita hivi, na mashata watoto wanagombania.

Chupa moja nikampelekea dada yangu Arusha, kesho yake kanipigia eti nimempa kimbo, yameganda. Dada, kwenye baridi mafuta ya nazi yanaganda, yaweke juani kidogo! Siku hizi anaagiza mwenyewe. Shabu tu ndo hajaomba, anasema kule hatoki jasho.