Aliyeutoa Usiku Wake

"Mchukuliane mizigo, na kuitimiza hivyo sheria ya Kristo." (Wagalatia 6:2)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimemtafakari sana Pablo Fanque, mtu mweusi wa kwanza kumiliki sarakasi nchini Uingereza. Alizaliwa Norwich kwa jina la William Darby, akafunzwa kazi tangu ujana katika sarakasi ya William Batty, na mwaka 1841 akaanzisha ya kwake. Kipawa chake hasa kilikuwa farasi. Alipoonyesha London mwaka 1847, watu walistaajabia farasi wake jike mweusi, Beda, aliyecheza kwa kufuata muziki. Walizoea kuona bendi ndiyo inayomfuata farasi!

Kuna desturi moja ya sarakasi za wakati ule ambayo imenigusa zaidi. Usiku mmoja ulitengwa, na mapato yake akapewa msanii fulani au familia iliyofiwa. Fanque alikuwa mkarimu sana kwa hilo.

Jumamosi ya tarehe 18 Machi 1848, mjini Leeds, usiku ulikuwa wa mchekeshaji Wallett. Mtoto wa Fanque alikuwa juu ya kamba, mara sehemu walipoketi watazamaji ikaporomoka. Mamia walianguka. Mbao nzito zikamwangukia Susannah, mke wa Fanque, aliyekuwa penye kibanda cha tiketi. Mume wake mwenyewe alikimbia kusaidia kuziondoa. Katika umati wote ule, aliyekufa ni Susannah peke yake.

Ndugu zangu, tumezoea kuhubiriwa kwamba ukitoa leo, kesho utapokea maradufu. Huyu je, tumwambie nini? Ameutoa usiku wake kwa ajili ya mwenzake, na usiku uleule amefiwa na mkewe. Mahubiri ya namna hiyo hayana neno la kumfariji, na naamini yanawaumiza wengi walioketi kimya makanisani mwetu. Paulo anataja mavuno, naam, lakini ni "kwa wakati wake", na kwanza anatuomba tusichoke.

Fanque hakuchoka. Mwaka 1857, mjini Bradford, aliutoa usiku mwingine kwa familia ya marehemu Tom Barry, mchekeshaji. Miaka ya baadaye alifilisika. Alifariki Stockport mwaka 1871, akazikwa Leeds pamoja na Susannah.

Ee Baba, wakumbuke leo waliotoa kwa moyo mweupe wakarudi nyumbani na msiba. Amina.