Nilivyohesabu nywele zangu kila Ijumaa

Mwanangu wa pili alipofikisha miezi mitatu na nusu, nywele zangu zilianza kunitoka kwa wingi. Nilizikuta kwenye foronya, kwenye ukingo wa beseni, kwenye ugali. Asubuhi moja mtoto alilia kilio ambacho sikukijua, na nilipomvua soksi nikaona unywele wangu umejizungusha kwenye kidole chake cha mguu mpaka kidole kimevimba na kuwa chekundu. Niliukata kwa kikasi cha kucha huku mikono ikinitetemeka. Siku hiyo nilikata shauri kuwa sitakaa nikisubiri.

Mamangu hakuona la ajabu. "Nyele za uzazi hizo, mwanangu," aliniambia. "Mtoto akianza kukutambua, zaanguka. Akianza kutambaa, zarudi." Nilimsikia lakini sikumsikiliza. Nilipanda tuktuk hadi duka la dawa karibu na Mwembe Tayari, hapa Mombasa, nikarudi na chupa ya shampuu ya mililita 250, shilingi 1,800. Mbele yake palikuwa na ahadi ya matokeo ndani ya siku 30, na asilimia iliyochapishwa kwa tarakimu kubwa kuliko jina la shampuu yenyewe. Nyumbani, mtoto akiwa amelala, nilikaa dirishani nikaisoma chupa yote. Kando ya ile asilimia palikuwa na nyota ndogo, na chini kabisa nyuma ya chupa, kwa herufi nilizolazimika kuzisogeza machoni, nyota ile ilieleza kwamba kinachopungua ni nywele zinazoanguka kwa sababu ya kukatika.

Hapo ndipo niliposhtuka. Kukatika na kunyonyoka ni mambo mawili, na msusi yeyote atakwambia. Unywele uliokatika huwa mfupi, na ncha zote mbili hazina kitu. Unywele ulionyonyoka huja mzima, na mwisho mmoja una kichembe cheupe kama chembe ya chumvi. Niliziokota nywele sakafuni nikaziweka juu ya shuka jeusi. Karibu zote zilikuwa na kichembe. Shampuu ilikuwa inaahidi kutibu jambo ambalo sikuwa nalo, na nilikuwa nimeshalipa.

Kwa kuwa pesa ilikuwa imetoka, niliamua angalau niipime kwa haki. Mimi ni karani wa hesabu, nimezoea kuweka daftari, kwa hiyo nikaanza daftari. Kila Ijumaa asubuhi, na siku hiyo tu, naosha nywele. Shimo la beseni naliziba kwa kipande cha shashi. Nikimaliza, natoa nywele zote zilizokwama, nazikausha, nazihesabu, zenye kichembe upande huu na zilizokatika upande huu. Katikati ya wiki sizioshi wala sibadilishi msuko, maana ukiosha mara mbili wiki hii na mara moja wiki ijayo, hesabu zako haziwezi kulinganishwa. Mtu mzima hudondosha nywele kati ya 50 na 100 kwa siku hata akiwa na afya njema, na asiyeosha kwa wiki nzima huziona zikimjia kwa mkupuo siku ya kuosha. Wengi huogopa siku hiyo na kukimbilia dukani.

Maji nayo yalinipa kazi. Jengo letu hutumia maji ya kisima, na visima vingi vya kisiwani ni vya chumvi. Ukisugua shampuu kwa maji yale, povu halitoki na nywele zinabaki kama kamba ya katani. Wiki maji ya mfereji yakitoka, nywele hiyo hiyo inalainika. Nisingejua kama ni shampuu au ni maji. Basi nikawa nanunua mitungi miwili ya maji matamu kwa kijana wa mkokoteni kila Alhamisi, ya kichwa peke yake. Mume wangu aliona ni israfu, lakini alinyamaza.

Picha pia. Dirisha lile lile, saa kumi alasiri, nywele kavu, njia katikati, simu imeegemezwa kwenye rafu ile ile. Nimeziangalia tangu wakati ule picha nyingi za kabla na baada, na mara nyingi ya kabla imepigwa nywele zikiwa na maji na taa ikiwaka juu ya utosi, na ya baada imepigwa nywele kavu zilizochanwa kando. Kichwa kimoja kinaweza kutoa picha zote mbili ndani ya saa moja. Nilijaribu kwangu, ikawa hivyo.

Wifi yangu wa Bamburi alikuwa amejifungua siku tisa kabla yangu, na nywele zake zilikuwa zikianguka kama zangu. Nilimwomba anunue naye chupa ile ile. Alikataa. "Wifi, hizo elfu moja mia nane ni nepi za mtoto." Akasema ataendelea na shampuu yake ya shilingi 250 na majani ya mkunazi ya mamake, lakini kuhesabu atahesabu, kwa sababu nilimsihi. Sikujua kuwa kukataa kwake ndiko kutakakonifundisha zaidi ya yote.

Ijumaa ya kwanza nilihesabu nywele 347. Ya pili 361. Ya nne 298. Ya tano 251. Niliona nambari zikishuka na moyo ukafunguka. Siku hiyo hiyo nilimpigia simu dada yangu mkubwa wa Likoni, ambaye utosi wake ulikuwa umeanza kuwa mwepesi, nikamwambia imenisaidia, anunue. Akanunua chupa mbili. Ijumaa ya kumi nilikuwa na nywele 96.

Wifi alinitumia daftari lake wiki hiyo hiyo. Alianza na 318, akamaliza na 88.

Nilichora hesabu zetu kwenye karatasi mbili nikaziweka kando kwa kando. Mistari ilipanda pamoja na kushuka pamoja, yangu na yake, ya 1,800 na ya 250. Zilizokatika zilipungua kidogo kwangu, na sitasema uongo, nywele zilikuwa laini na chanuo lilipita vizuri zaidi. Lakini hata hapo maji matamu yalikuwa na fungu lao. Kuhusu kunyonyoka, kama wifi asingehesabu, mimi leo ningekuwa naapa kwa jina la chupa ile.

Sababu yake niliielewa baadaye kwa daktari wa ngozi. Unywele una zamu. Hukua kwa miaka, kati ya miwili na sita, kisha hupumzika kwa miezi kama mitatu, kisha hudondoka na mwingine kuchipua mahali pake. Kwa kawaida takriban nywele tisa katika kila kumi ziko kwenye kukua. Mimba huzishikilia nyingi zisiende kupumzika, ndiyo maana wajawazito wengi huwa na nywele nzito. Ukishajifungua, zile zilizochelewa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi mitatu hivi huanguka kwa pamoja. Homa kali, upasuaji au kupungua uzito kwa ghafla huweza kuleta jambo hilo hilo. Kwa hiyo unywele uliobaki mkononi mwangu Ijumaa ile ulikuwa umeshaachilia miezi mitatu nyuma, kabla sijainunua shampuu. Na mpya huota kama sentimita moja tu kwa mwezi. Ahadi ya siku 30 haina mahali pa kukaa. Mamangu alikuwa sahihi kwa kutambua na kwa kutambaa.

Sikwenda kwa daktari kwa ajili yangu lakini. Nilikwenda kwa ajili ya dada.

Siku ya Idi alikuja kwetu, akavua mtandio jikoni kwa joto la biriani, nikamwona utosi. Ulikuwa umepita miezi saba tangu nimpigie simu. Katikati palikuwa na duara, ngozi inang'aa, laini, bila hata vitundu vile ambavyo nywele hutokea. Alisema pamekuwa pakiwasha na kuchoma, kama pamepakwa pilipili, na kwamba alidhani ni shampuu inafanya kazi. Alikuwa kwenye chupa ya sita. Nilitoka nikaenda kusimama kibarazani kwa muda, sikuweza kurudi ndani mara moja.

Daktari alimkata kipande cha ngozi cha milimita nne na kukipeleka maabara. Jibu lilikuwa upara wa makovu, ule unaoanzia utosini na kupanuka kwa duara, ambao huwapata zaidi wanawake weusi, hasa wa makamo. Uvimbe wa ndani huharibu shina la unywele, kovu huchukua nafasi yake, na pakishakuwa na kovu hapaoti tena. Matibabu ni kuuzima uvimbe mapema ili usiendelee: vidonge, sindano ndogo ndogo kwenye ngozi ya kichwa, na kuacha misuko ya kukaza na moto wa pasi ya nywele. Miezi saba ile haikuwa ya bure kwa ugonjwa.

Nilimuuliza daktari kama kuna shampuu yoyote ambayo angeitetea. Alichora shina la unywele kwenye karatasi, milimita tatu au nne chini ya ngozi, kisha akaniuliza shampuu hukaa kichwani dakika ngapi kabla ya kuoshwa. Alisema shampuu yenye ketokonazoli, dawa ya kuua fangasi, ni nzuri kwa mba, na kuna utafiti mdogo mdogo unaoashiria huenda ikasaidia kidogo nywele za wenye upara wa kurithi, lakini si wa kutosha kujenga ahadi juu yake. Za kafeini zina majaribio, mengi yakifungamana na wanaoziuza. Mwaka 2018 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilikataa tangazo la shampuu moja ya kafeini lililodai inasaidia kupunguza kunyonyoka, kwa kuwa ushahidi uliotolewa haukutosha. Dawa yenye ushahidi mzito kwa upara wa kurithi ni minoksidili, iliyoanza kama kidonge cha shinikizo la damu. Marekani iliiruhusu kichwani kwa wanaume mwaka 1988 na kwa wanawake mwaka 1991. Hiyo hupakwa na kuachwa, hutumiwa kwa miezi kabla ya kuona kitu, na ukiacha, faida hupotea. Mimi ninayenyonyesha aliniambia nisiiguse.

Aliniuliza pia natumia nini kingine, nikataja vidonge vya biotini, aina ya vitamini, nilivyouziwa pamoja na shampuu. Alinitaka nivisimamishe kabla ya kupimwa damu ya chuma na ya tezi ya shingo, kwa sababu biotini nyingi huharibu majibu ya baadhi ya vipimo, hata vya moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo hilo mwaka 2017. Nilikuwa nimevimeza miezi mitano na hakuna aliyenitajia. Chuma changu kilikuwa chini, na hilo angalau lilikuwa na tiba inayojulikana.

Siku hizi jirani akinionyesha chupa, kitu cha kwanza ninachomuuliza ni nywele zake zinatoka vipi: zina kichembe au zimekatika, zimetoka kichwa kizima au mahali pamoja, na pale mahali panauma? Pakiuma au paking'aa, namwambia aahirishe chupa, aende kliniki ya ngozi wiki hiyo hiyo. Mtoto mwenye mabaka yenye magamba naye apelekwe, huenda ni mapunye, na hayo huhitaji dawa ya kumeza. Akisema amejifungua miezi minne iliyopita, naenda kumletea uji na kumwambia alichoniambia mamangu.

Dada huvuka feri kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Anakaa kwenye dirisha lile lile, saa kumi, nampiga picha, kisha naweka rula juu ya utosi wake. Mwezi uliopita duara lilikuwa sentimita 6 na nusu. Mwezi huu nimepima, sentimita 6 na nusu. Aliniambia nipime tena. Nikapima tena.